Printa ya Zamani, Windows Mpya: Subiri Kabla ya Kuitupa

Mazungumzo kwa wenye saiba, walimu, makatibu wa vikundi na mafundi wa kompyuta



Tuanze na mfano ambao wengi wenu mtautambua. Mama ana saiba karibu na soko. Ana kompyuta tatu na printa moja, HP LaserJet 1020, aliyoinunua ikiwa tayari imetumika. Kaprinta hako ndiko kanakomlipia kodi ya chumba: fomu za basari, barua za kuomba kazi, vyeti vya PIN vya KRA, maswali ya mtihani kutoka shule ya jirani. Jumapili jioni fundi anakuja, anaondoa Windows 10 kwenye mashine kubwa na kuweka Windows 11. Jumatatu saa mbili asubuhi foleni imefika mlangoni, maana ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha fomu za basari, na printa haitoi hata karatasi moja. Taa inawaka. Waya umechomekwa. Tona ipo. Kompyuta inasema haikitambui kifaa kilichounganishwa. Mteja mmoja anamwambia, "Mama, hiyo imezeeka, tafuta nyingine."

Jumamosi printa hiyo ilikuwa ikichapa vizuri tu, na haikuzeeka kwa usiku mmoja. Kilichopotea ni mkalimani. Kati ya Windows na kila kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta kuna programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Windows husema kwa lugha yake, printa husikia kwa lugha yake, na draiva ndiyo inayowatafsiria. Fundi alipofuta Windows ya zamani, alimfuta na mkalimani. Kumrudisha ni kazi ya nusu saa ikiwa mtu anajua pa kumtafuta. Kununua printa mpya ni faida ya wiki nyingi.

Kwa nini jambo hili limekuja kwa wengi kwa wakati mmoja? Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapa, inafungua intaneti kama kawaida. Ila mashimo ya usalama yanayogunduliwa baada ya tarehe hiyo hayazibwi tena bure kwa kila mtu kama zamani, na ndiyo maana watu wamekuwa wakikimbilia Windows 11. Katika mbio hizo ndipo printa, skana na mashine nyingine za zamani zimeachwa nyuma.

Turudi kwa mama, kwa sababu foleni bado ipo.

Swali la kwanza la kumuuliza fundi: uliweka Windows 11 juu ya ile ya zamani, au ulifuta diski na kuanza upya? Ikiwa iliwekwa juu ya ile ya zamani, kuna siku 10 za kurudi nyuma. Fungua mipangilio, sehemu ya System, kisha Recovery, na hapo kuna kitufe cha Go back. Mashine itarejea Windows 10 na mkalimani wake, foleni itahudumiwa, halafu tatizo litatafutiwa dawa jioni bila presha. Lakini ikiwa diski ilifutwa, au zile siku 10 zimepita, njia hiyo imefungwa. Kwa hivyo afadhali kazi ya namna hii ifanywe mwanzoni mwa likizo kuliko mkesha wa siku ya mwisho ya basari.

Swali la pili ni la biti 32 na biti 64, na hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta nyingi za zamani ziliwekwa Windows ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Draiva ya biti 32 haiwezi kufanya kazi ndani ya Windows ya biti 64, hata ukiiweka mara kumi, hata ikiwa ni ile CD halisi iliyokuja na printa kwenye boksi. Ukitaka kujua mashine yako iko upande gani, fungua mipangilio, System, kisha About, usome mstari wa System type. Fanya hivyo kabla ya fundi kuanza kazi.

Habari njema ni kwamba watengenezaji wengi walitoa draiva za biti 64 tangu enzi za Windows 7, na mara nyingi draiva hizo hukubali kufanya kazi kwenye Windows 10 na hata 11. Mtu asikate tamaa kwa sababu ukurasa wa kampuni hautaji Windows 11. Chukua ya biti 64 ya toleo la karibu zaidi, uijaribu. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe: ya HP kwa HP, ya Canon kwa Canon. Ukitafuta tu jina la printa kwenye intaneti utaletewa kurasa nyingi zinazoahidi kukutafutia draiva zote bure. Nyingine zitakujazia mashine matangazo, na nyingine zitakuletea virusi. Saiba inayoshika nakala za vitambulisho vya watu haina nafasi ya kubahatisha hapo.

Kuna jambo kuhusu printa za bei nafuu ambalo wauzaji hawalisemi. Printa kubwa za ofisini huelewa lugha za kawaida za uchapishaji, kama PCL au PostScript, kwa hivyo hata draiva yake ikikosekana unaweza kuazima draiva ya jumla, au ya printa ya ukoo mmoja, na ikachapa. LaserJet 1020 na Canon LBP2900, ambazo saiba nyingi zinazijua, si za namna hiyo. Zilifanywa rahisi kwa kuachia kompyuta kazi yote ya kupanga ukurasa, na printa inapokea tu nukta za kuchoma kwenye karatasi kwa lugha yake ya pekee. Ndiyo maana draiva ya kuazima haizisaidii. Ni yake au hakuna. Anayemiliki moja ya hizi anapaswa kuhifadhi draiva yake kama anavyohifadhi hati ya shamba.

Na kuhifadhi kwenyewe si kazi kubwa. Kabla ya kubadilisha Windows, fungua folda kwenye flashi, kwa mfano D:\draiva, kisha fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi na uandike: pnputil /export-driver * D:\draiva. Kompyuta itanakili draiva zote zilizoongezwa na watengenezaji, za printa, skana, sauti na Wi-Fi. Zitafaa baadaye iwapo tu mfumo mpya ni wa biti zile zile. Fundi mwaminifu atafanya hivyo bila kuambiwa. Kwa wale wengine, mwenye mashine aombe kuona folda hiyo kabla diski haijaguswa.

Tuseme mama amejaribu yote na printa bado imegoma. Hapo kuna njia ambayo wengine wataicheka, lakini inafanya kazi. Ile kompyuta yake ya tatu, yenye Windows ya zamani, aiweke kona na kuiunganisha na printa tu. Waya wa mtandao utolewe, Wi-Fi izimwe. Kazi zote za intaneti zifanywe kwenye mashine mpya, hati ihifadhiwe kama PDF, ipelekwe kwenye kona kwa flashi na kuchapwa. Flashi hiyo iwe ya kazi hiyo peke yake, isiingie kwenye kompyuta za wateja. Ni polepole kidogo, lakini mashine isiyofika mtandaoni haisumbuliwi sana na mashimo ya usalama, na tona ya 12A itaendelea kutumika.

Skana ni hadithi tofauti kidogo. Chukua Canon LiDE 20, ile bapa nyembamba inayotumia umeme wa waya wa USB. Canon haikuitolea draiva ya biti 64, kwa hivyo kwa Windows 11 ni kama kipande cha kioo. Lakini kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, kuna mradi uitwao SANE ambao watu wake waliandika draiva za skana nyingi za zamani, LiDE 20 ikiwemo. Linux Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, ukajaribu skana na printa yako kwa dakika chache, na usiporidhika unatoa flashi na kuzima. Kwa maabara ya shule yenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa, hilo ni jaribio la mchana mmoja tu. Printa hazifanani huko: nyingine hutambulika zenyewe, na nyingine kama ile 1020 huhitaji programu ya ziada ya HP kila inapowashwa, nayo huwekwa mara moja tu na mtu mwenye intaneti.

Wenye hadwea na maghala wanaotumia mizani au mashine za risiti zinazounganishwa kwa waya wa USB kwenda tundu la zamani la pini tisa, sikilizeni hili. Nyaya nyingi za bei rahisi zina chipu ya Prolific PL2303, au mwigo wake. Draiva mpya za Prolific hukataa chipu za zamani na zile bandia, na Windows huonyesha alama ya njano ya mshangao. Mizani ni mzima. Waya mwingine wenye chipu inayokubalika utatosha.

Sasa kuhusu wale ambao mashine zao haziwezi kupokea Windows 11. Inadai angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Nyingi ya kompyuta za mitumba zinazouzwa Nairobi na miji mingine ni za kizazi cha 4 hadi cha 6. Zinaweza kubaki na Windows 10 kwa muda kupitia mpango wa nyongeza wa usalama. Kwa mtu binafsi mpango huo unafika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, yaani kama shilingi 3,900, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Biashara yenye mashine 20 ipige hesabu hiyo vizuri kabla ya kutia sahihi, kisha ilinganishe na Linux ambayo haina ada.

Unaponunua kompyuta ya mitumba, soma namba ya prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Kuna wauzaji wanaolazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6 na kuonyesha mnunuzi skrini mpya inayong'aa. Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Muulize muuzaji namba hiyo mbele ya shahidi, na aiandike kwenye risiti.

Ikiwa kweli kifaa kimefika mwisho, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 haituruhusu kukitupa jaani au kukichoma ili kupata shaba. Kuna wanaopokea taka za elektroniki, kama WEEE Centre iliyoko Nairobi. Lakini kabla kompyuta haijatoka mlangoni, diski yake ifutwe kabisa, au itolewe na kubaki kwako. Katika saiba ya mama wetu, diski hiyo ina vitambulisho vya watu, vyeti vya kuzaliwa na nywila zilizohifadhiwa na wateja waliosahau kutoka kwenye akaunti zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka aliyeshika taarifa hizo azilinde, awe ni wizara au ni chumba chenye kompyuta tatu karibu na soko.

Walioleta printa au skana zao leo wazipange kwenye meza ya nyuma, wakiambatisha karatasi yenye jina la kifaa na aina ya Windows iliyoko kwenye kompyuta yake, pamoja na kusema kama ni biti 32 au 64. Mafundi wataanza na za saiba, kwa sababu wateja wao wanasubiri.