Gredi ya Wastani Haitoshi: Kusoma Matokeo ya Mtihani kwa Ajili ya Chuo

Mada iliyotolewa kwa wazazi, walimu wakuu na wanakamati wa basari za wadi



Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali linaloulizwa nyumbani na sokoni huwa ni moja: mtoto amepata gredi gani? Akijibu C+, kuku huchinjwa. Akijibu C, watu hunyamaza. Katika mtihani wa mwaka wa 2023, watahiniwa 201,133 walipata C+ au zaidi, na katika ule wa 2024 idadi ikapanda hadi 246,391, karibu robo ya waliofanya mtihani. C+ ndiyo gredi ya chini ya kusomea shahada, kwa hiyo furaha hiyo ina msingi. Shida ni kwamba gredi ya wastani haimwambii mzazi mlango upi umefunguka na upi umefungwa.

Chukua mfano wa wanafunzi wawili wa kubuni. KCSE hujumlisha masomo saba, kila moja likiwa na pointi 12 kwa A na pointi 1 kwa E, jumla 84. Tangu mwaka wa 2023, Hisabati na lugha moja ni lazima, kisha huongezwa masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Msichana wa kwanza ana D+ ya Hisabati, B ya Kiswahili, B- ya Kiingereza, B- ya Historia, C+ ya Elimu ya Dini, C- ya Bayolojia na C- ya Kemia. Jumla ni pointi 46. Mvulana wa pili ana B ya Hisabati, B- ya Fizikia, C+ ya Kemia, C ya Bayolojia, C ya Kiingereza, C- ya Jiografia na C- ya Kiswahili. Naye ana pointi 46. Wote wawili wana C+, na kwenye ubao wa matangazo wa shule majina yao yanafuatana.

Mvulana huyo anafikia kiwango cha chini cha kozi nyingi za uhandisi, ambazo hutaka C+ ya Hisabati, Fizikia na Kemia, ingawa ushindani wa nafasi ni jambo jingine. Msichana alitaka uuguzi. Diploma ya uuguzi hutaka gredi ya wastani ya C, naye ameipita. Lakini hutaka pia C ya Bayolojia, na yeye ana C-. Pointi moja ya somo moja imemfungia mlango, ilhali gredi yake ya jumla inasherehekewa. Linalouma zaidi ni kwamba C- hiyo ya Bayolojia kwa kawaida haiji ghafla. Huwa imekaa kwenye ripoti za muhula tangu kidato cha tatu, na hakuna aliyeilinganisha na kozi aliyoitaka mtoto.

Elimu ya sekondari iko chini ya Serikali Kuu kwa mujibu wa Katiba, na kaunti haina nia ya kumfundisha mwalimu kazi yake. Hata hivyo basari ya kaunti ndiyo hulipa karo ya wengi wa watoto hawa, na vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti ndivyo hupokea baadhi ya waliokosa nafasi kwingine. Kamati ya wadi inayodai ripoti ya muhula kabla ya kupitisha fomu ya basari tayari inashika karatasi yenye habari hizi. Mara nyingi huangalia sahihi na muhuri tu.

Shuleni, kazi yenye manufaa zaidi huanza baada ya mtihani wa majaribio, na haihitaji kompyuta. Mwalimu huchora jedwali: majina upande mmoja, maswali juu. Karatasi ya Hisabati ya KCSE ina maswali 16 ya lazima katika sehemu ya kwanza, na manane katika sehemu ya pili ambapo mtahiniwa huchagua matano. Mwalimu akijaza alama za kila swali, darasa husema lenyewe. Swali lililoachwa wazi na nusu ya darasa huenda linahusu mada ambayo haikufundishwa au ilikimbiwa mwishoni mwa muhula. Swali lililojaribiwa na wengi na kukoswa na wengi huonyesha mada iliyofundishwa ikaeleweka vibaya. Na yule aliyepata hatua zote kisha akapoteza alama ya mwisho kwa kusahau vipimo hahitaji kufundishwa mada upya, anahitaji mazoezi ya uangalifu. Hao wote wanaweza kuwa na alama 38 kwa mia. Kuwapeleka pamoja kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi, wafundishwe kitu kimoja, ni kupoteza Jumamosi.

Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa ripoti ya KCSE kila mwaka inayoeleza maswali yaliyowashinda watahiniwa nchi nzima na makosa waliyoyafanya. Shule iliyo na jedwali lake inaweza kuliweka kando ya ripoti hiyo na kujua kama udhaifu ni wa nchi nzima au ni wake peke yake.

Kuna tahadhari pia. Mtihani wa majaribio wa muhula huu na wa muhula uliopita hautungwi kwa ugumu mmoja, kwa hiyo kushuka kutoka 52 hadi 47 huenda hakuna maana yoyote. Hata katika KCSE yenyewe, alama zinazotoa B katika somo moja si lazima zitoe B katika jingine. Kinachofaa kufuatiliwa ni mada, si asilimia. Na kubandika orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho ukutani hakumfundishi wa mwisho chochote asichokijua.

Matokeo hayohayo husema pia jinsi mtoto atakavyoishi chuoni akishafika. Karatasi ya pili ya Kiswahili ina ufupisho wa alama 15. Anayeukosa kila mara atapata taabu kuandika muhtasari wa mhadhara. Karatasi ya vitendo ya Kemia, yenye alama 40, ndiyo picha ya maabara ya mwaka wa kwanza. Wengi huichukulia kama mahali pa kuokota alama za haraka, kisha hufika chuoni wakiwa hawajui kusoma bureti.

Madarasa yaliyobaki ya KCSE ni mawili, kidato cha tatu na cha nne cha mwaka huu wa 2026, na mtihani wa mwisho utafanywa mwaka wa 2027. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walioingia sekondari ya juu Januari wamekuja na matokeo ya KJSEA yaliyotolewa somo kwa somo kwa viwango vinane, na wameshapangwa katika mikondo mitatu. Kwao hakuna herufi moja ya kujificha nyuma yake.

Mzazi wa kidato cha tatu au cha nne anayefika shuleni siku ya wazazi aombe kuona karatasi za mtihani zenyewe, pamoja na ripoti. Amuulize mtoto kozi anayoitaka, waangalie pamoja masharti yake ya somo kwa somo kwenye tovuti ya KUCCPS, kisha wamkalishe mwalimu wa somo lililo chini. Asiye na simu ya intaneti amwombe mwalimu mwelekezi wa shule amchapishie ukurasa wa kozi hiyo. Waliopata D wanaweza kusomea cheti, na wenye C- diploma nyingi, nazo zina masharti ya masomo vilevile. Kwa walio chini ya hapo kuna kozi za ufundi stadi, na vituo vya mafunzo vya kaunti huwapokea.