Mshubiri mrefu: upande nyumbani, usiung'oe porini



Mazungumzo ya leo yanahusu mmea ambao kila mtu hapa anaujua kwa uchungu wake. Mahindi yakishakauka shambani, mshubiri husimama bila kumwomba mtu maji, kwa sababu umeyaweka akiba ndani ya majani. Unapochanua, nyuki na ndege chozi hawakosekani, jambo linalomfaa mwenye mizinga. Ndiyo maana wengi wanataka ule mrefu, wenye shina kama mti, uwapambie ua.

Tatizo ni mahali wanapoutoa. Mtu huingia porini na jembe, akarudi na mmea uliochukua miaka mingi kukua. Uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku nchini mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 zikaweka biashara ya utomvu wake chini ya leseni. Anayetaka kupanda kwa ajili ya kuuza utomvu aanzie ofisi ya KWS, si sokoni.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko faini. Kati ya Voi na Taveta huota mishubiri mirefu ya aina zaidi ya moja. Upo Aloe volkensii, uliopewa jina la Mjerumani Georg Volkens aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro miaka ya 1890. Huu hupita urefu wa nyumba na unafaa kwa ua. Upo pia Aloe ballyi, nao ni mrefu, lakini una sumu. Jani lake likivunjwa hutoa harufu ya panya, ila harufu peke yake isitegemewe. Pua si maabara.

Kwa nini hili lisemwe mbele ya akina mama? Kwa sababu kuku wakianza kusinzia, jani la mshubiri hukatwakatwa na kutiwa katika maji yao. Mtoto akiumwa tumbo, jani lilelile huchemshwa. Aliyezoea mshubiri mfupi wa bibi yake akikata ule mrefu asioujua, huenda akampa mtoto sumu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kideri, chanjo ipo. Kwa mtoto, zahanati ipo. Mshubiri mrefu ubaki kuwa pambo na chakula cha nyuki.

Sasa upandaji. Nunua mche kwenye kitalu kinachojua jina la mmea wake, au omba kipande cha tawi kwa jirani aliyeupanda. Kipande kikaushwe kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kifunge. Wengi hukosea hapa: hukipanda kibichi siku hiyohiyo, wakakimwagilia kila jioni kama sukuma wiki, kikaoza. Kinachoua mshubiri si jua, ni maji yaliyotuama. Palipo na udongo mzito, inua tuta na uchanganye mchanga au changarawe. Kipande kikae bila maji majuma mawili ya kwanza, kisha kinyweshwe kwa nadra, udongo ukishakauka kabisa. Samadi kidogo iliyooza inatosha.

Panda mita 2 au zaidi kutoka ukutani, mbali na njia ya watoto, maana miiba ya pembeni mwa majani hukata. Kichwa cha mmea ni kizito. Kiegemeze kwa mti na mawe mpaka mizizi ishike. Jani likivimba vinundu, likate ulichome moto.

Na ambaye tayari ana mshubiri mrefu asioujua jina, asiukate wala kumwonjesha mtu. Aupige picha, kisha aipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yake.