Mabomu ya Mzee wa Kwela
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Sumbawanga)



Tumeombwa tuseme habari za Mzee Chrisant Mzindakaya, aliyekuwa Mbunge wa Kwela, aliyefariki mwezi Juni 2021. Wazee wa hapa wanamkumbuka tangu siku za TANU, miaka ya 1960. Aliitumikia nchi kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa Mkuu wa Mkoa, alikuwa Mbunge, na mwaka 2010 hakugombea tena. Vyeo vyake ni vingi na hatutavitaja kimoja kimoja. Twataka kuyasema yale yaliyompa jina la Mzee wa Mabomu, maana vijana wetu wanalitamka jina hilo kwa kicheko, hawajui lilitoka wapi.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika mwaka 1995. Watu wakadhani kwamba tangu hapo kazi ya kuiuliza Serikali itakuwa ya wapinzani, na wabunge wa chama chenye Serikali watapiga makofi tu. Mwaka 1996 aliyesimama Bungeni alikuwa mtu wa CCM, kutoka huku kwetu Ufipa. Alisema juu ya misamaha ya kodi waliyopewa waagizaji wa mafuta ya kula. Jambo hilo halikuishia hewani: Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi, alijiuzulu mwaka huo huo. Mwaka 2001 yakaja maneno ya vibali vya kuagiza sukari, na Mzee Mzindakaya alikuwa tena mbele. Waziri wa Viwanda na Biashara, Bwana Iddi Simba, naye akaacha kiti.

Mtu wa Laela au wa Muze atauliza, mafuta ya meli ya Dar es Salaam yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Mkulima wa Ufipa analima alizeti na karanga, anakamua mafuta, anayapeleka sokoni. Mafuta ya ng'ambo yakiingia bila kodi yanauzwa kwa bei ambayo mkulima huyu haiwezi, na alizeti yake inabaki ghalani. Tena kodi iliyosamehewa ndiyo ingelinunua dawa za zahanati na kutengeneza barabara. Sisi tuliokaa miaka na miaka tukingoja lami ya kutoka Tunduma, huku malori ya mahindi yakizama katika tope, hatuhitaji kufundishwa bei ya shilingi iliyopotea Hazina. Na sukari ni vivyo hivyo. Kibali kikitolewa kuzidi upungufu uliopo, anayeumia ni mkulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa.

Wako waliosema wakati ule, na wengine wanasema hata leo, kwamba mzee alikiaibisha chama chake. Twawauliza ndugu hao: Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, je, imeandikwa kwamba kazi hiyo ni ya wapinzani peke yao? Ibara ya 100 imempa Mbunge uhuru wa kusema mle ndani bila kushtakiwa. Uhuru huo una mzigo wake, kwa sababu Spika aweza kumtaka Mbunge athibitishe alilosema. Kwa hiyo anayelipua bila ushahidi hujilipua mwenyewe. Chama kilichopata uhuru kwa jasho la wakulima kitaaibishwa na uovu uliofichwa kuliko na mwanachama aliyeutaja.

Lakini hatukuja hapa kumfanya malaika. Mzee alianzisha kiwanda cha nyama hapa Sumbawanga, SAAFI, ili ng'ombe wa bonde la Rukwa wasisafirishwe wakiwa hai mpaka mbali. Wazo lilikuwa zuri, nasi bado tunaliona zuri. Kiwanda kilijengwa kwa mkopo uliokuwa na dhamana ya umma, na dhamana hiyo ikahojiwa hadharani. Wapenzi wake walikasirika. Sisi twasema ilikuwa haki ihojiwe. Mtu aliyewauliza mawaziri juu ya mali ya umma hawezi kukataa kuulizwa, na heshima yake haipungui kwa kuulizwa.

Basi, ndugu zetu, kura za maoni zikifika, watakuja watu hapa na kanga na fulana. Tawi hili limeazimia kila mgombea aulizwe maswali mawili mbele ya mkutano. La kwanza: mara ya mwisho ulipomwona kiongozi wa chama chako mwenyewe akila cha umma, ulimwambia nani? La pili: mali yako umeipataje? Mwenyekiti wa tawi ndiye atakayeuliza, na Katibu ataandika majibu katika daftari la tawi. Atakayekataa kujibu, nalo litaandikwa.