Bawa la Kitambaa na Dumu la Maji

Huenda hujui kwamba hadi leo zipo ndege zinazoruka kwa mabawa ya kitambaa. Naam, kitambaa. Piper Super Cub, ambazo askari wa wanyamapori wa Kenya wamezitumia kuwasaka majangili, zimevikwa kitambaa, na watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani hukipenda kwa wepesi wake. Hugundishwa juu ya mbavu za bawa, kikakazwa kwa pasi ya moto mpaka kinalia kama ngoma, kisha kikashonewa kwenye kila ubavu kwa uzi. Uzi huo si urembo. Ndege ikiwa angani, hewa hulinyonya bawa upande wa juu kana kwamba inataka kulivua nguo.

Adui wa kitambaa hicho ni jua. Poliesta ikianikwa bila kinga hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana hupakwa kwanza rangi yenye unga wa alumini, izuie miale, ndipo ije rangi ya kupendeza macho.

Mimi niliwahi kushika spana za ndege kabla ya kushika maikrofoni. Basi rafiki yangu mmoja, aliyeiunda ndege yake kwa mikono yake, aliniita kwenye uwanja mdogo upande wa Kajiado nimsaidie kuikagua. Jumamosi alitaka kumpeleka binti yake Malindi. Ndege iling'aa kwa rangi mpya ya manjano.

"Fundi, gonga popote," akaniambia.

Niligonga, ikalia vizuri. Lakini mlio hukuonyesha mkazo tu, haukuonyeshi nguvu. Jua lilipotua nikaingiza taa ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi. Bawa lote likawaka kama kandili! Nikamwuliza alipaka rangi ya alumini mara ngapi. Mara moja tu, tena nyembamba, ili kupunguza uzito. Na kwa miaka mitano ndege ililala nje, maana kodi ya banda ilimshinda.

Tukabishana. Yeye alishikilia kwamba rangi mpya imeshatibu yote. Mwishowe alikubali, kwa shingo upande, tukate ukanda wa upana wa inchi 1 juu ya bawa, pale panapopigwa na jua zaidi. Tulitundika kwenye ukanda ule dumu tupu la lita 20, tukaanza kumimina maji. Kwa ndege nyepesi kama ile, kanuni za Marekani hutaka ukanda huo ubebe angalau ratili 46, yaani kilo 21 hivi. Ni sawa na dumu lililojaa.

Halikufika nusu. Kitambaa kilikatika, maji yakatulowesha viatu.

Baada ya hapo hakubisha tena. Alichukua kisu mwenyewe akalipasua bawa. Ndani tulikuta kiota cha panya, na kule nyuma vijitundu vya kutolea maji vilikuwa vimezibwa na ile rangi mpya, mbao zimeanza kuwa nyeusi kwa unyevu. Alizigusa kwa kidole, akanirudishia taa yangu, akasogea pembeni kumpigia simu binti yake.