Ithibati ya mimea ya dawa ya porini na suala la magome ya umwumba wilayani Rusizi

Ithibati ya uvunaji endelevu ni uthibitisho wa mkaguzi huru kwamba mmea umechumwa porini bila kuangamizwa, na kwamba mchumaji amelipwa kwa haki. Kiwango kinachojulikana zaidi ni cha FairWild, ambacho toleo lake la pili lilitoka mwaka 2010. Si kila dawa inahitaji cheti hicho. Mitishamba kama umuravumba na umubirizi huota karibu na nyumba, na konzi ya majani haiui mmea.

Umwumba (Prunus africana) ni habari nyingine. Tangu miaka ya 1960 magome yake hutengenezewa Ulaya dawa ya kuvimba kwa tezi dume. Mwaka 1995 mti huo uliwekwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa magome kutoka Kameruni. Mvunaji stadi hubandua robo mbili za shina zinazotazamana, hadi tawi la kwanza, akaziacha robo mbili nyingine zipeleke chakula mizizini. Akibandua mzunguko mzima, mti huanza kukauka kileleni.

Ugumu mkubwa huanza baada ya kubandua. Gome bichi lina harufu ya lozi chungu, na jeraha la shina humwonyesha mkaguzi jinsi gome lilivyovunwa. Likishakaushwa, likakatwakatwa na kutiwa guniani, hakuna afisa awezaye kulitazama akajua limetoka msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, misitu ya Kivu nchini Kongo au shamba la mtu. Kutoka Bukavu, upande wa Kongo, hadi wilaya ya Rusizi ni kuvuka daraja la mto Rusizi tu. Cheti hufuata gunia, na mti hubaki bila shahidi. Inasikitisha kwamba mijadala ya ithibati bado huanzia kwenye fomu, ilhali idadi ya miti iliyosimama haijaulizwa. Nyungwe ni hifadhi ya taifa, na tangu 2023 ni Urithi wa Dunia. Gome lililobanduliwa humo haliwezi kuhalalishwa na cheti chochote.

Inapendekezwa, kwa kuheshimu mamlaka ya kila taasisi, kwamba hesabu ya miti itangulie ithibati. Magome ya biashara yatoke kwenye miti iliyopandwa, kwa mfano pembezoni mwa mashamba ya kahawa. Na kwa kuwa mti huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia kuvunwa, mkulima apewe miche na msaada wa kumvusha muda huo. Waganga wa mitishamba washirikishwe katika mafunzo ya kubandua. Kila mti upigwe namba kwa rangi, na namba hiyo iandikwe kwenye gunia. Ofisi za pande zote mbili za mto Rusizi zibadilishane kumbukumbu za mizigo. Inasisitizwa tena kwamba miti ihesabiwe kwanza. Gunia lisilo na namba ya mti lisipewe cheti, hata kama karatasi zake nyingine zote zimekamilika.