Manjiro: Mtoto Aliyevunjikiwa na Chombo

(Mazungumzo na vijana baada ya Sala ya Tarawehe)



Ndugu zangu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoke haraka, karibuni mbele, nafasi ipo. Sitawaweka sana. Visa vya Mitume mwavisikia hapa kila usiku, na wenye kuvijua kuliko mimi wapo. Mimi leo nataka kuwapa kisa cha mtoto mmoja wa mvuvi, Mjapani. Hakuwa Muislamu, na sina haja ya kumvisha kanzu ili apendeze. Lakini nawajua vijana wa Pwani. Wengi wenu akili iko nje, Uarabuni, Ulaya, Marekani, na wengine mna ndugu waliokwisha kwenda. Kisa hiki ni cha aliyekwenda bila kutaka, akasoma, kisha akataka kurudi kwao, na kurudi ndiko kulikokuwa na hatari ya kifo.

Jina lake Manjiro. Alizaliwa mwaka 1827 katika kijiji cha Nakanohama, upande wa Tosa, katika kisiwa cha Shikoku. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa hivi. Kaka mkubwa alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hivyo mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Chuo hakupelekwa, hata kusoma na kuandika lugha yao hakujua. Akafanya vibarua, na mwezi wa Januari 1841, akiwa na miaka 14, akapata kazi katika mashua ya uvuvi. Mashua hiyo ilikuwa na watu watano: Denzo ambaye ndiye mkubwa wao, nduguze wawili Jusuke na Goemon, mwenzao Toraemon, na Manjiro, ambaye ndiye mdogo wa wote.

Siku za mwanzo hawakupata kitu. Kisha samaki wakaja, wakaanza kuvua kwa furaha, na hapo dhoruba ikawakuta. Nyinyi watoto wa wavuvi sihitaji kuwaeleza. Makasia yakaenda, tanga likawa halina kazi tena, mkondo ukawachukua. Zaidi ya wiki moja wakasukumwa na maji katika baridi ya Januari, mpaka wakatupwa kwenye kisiwa cha mawe kiitwacho Torishima, karibu kilomita 600 kusini ya Tokyo. Mashua ikavunjika kwenye miamba na Jusuke akaumia mguu.

Kisiwa hakina mtu wala mto. Kulikuwa na ndege tu, ndege wakubwa wa baharini, albatrosi, wanaokwenda kuzaa pale. Basi wakala ndege. Moto hawakuwa nao, wakawala wabichi na wengine waliokaushwa juani. Wakala chaza na majani, wakakinga maji ya mvua, wakalala pangoni. Miezi mitano nzima! Sisi tukifunga, hata jua likiwa kali namna gani, twajua Magharibi itaingia na tende iko tayari mezani. Wale hawakujua siku yao ya kufungua ni lini, wala kama ipo. Halafu msimu wa ndege ukaisha, ndege wakaanza kuruka kwenda zao mmoja mmoja, na wao wakiwatazama tu.

Tarehe 27 Juni 1841 meli ya kuwinda nyangumi kutoka Marekani, John Howland, ilishusha mashua kwenda kutafuta kasa pale kisiwani. Wakakuta watu watano, nywele zimewafunika, nguo zimebaki matambara. Nahodha wa meli, William Whitfield, akawapandisha, akawapa nguo na chakula kidogo kidogo ili matumbo yasiwaue.

Sasa mtu atauliza, mbona hakuwarudisha kwao tu? Hapo ndipo penye kisa. Tangu miaka ya 1630 watawala wa Japani walikuwa wamefunga nchi. Mjapani kutoka nje ni makosa, na akishatoka, kurudi adhabu yake ni kifo. Haikujali kwamba umepelekwa na dhoruba. Kwa hivyo nahodha akawapeleka Honolulu, visiwa vya Hawaii. Wanne wakabaki huko. Manjiro, ambaye muda wote melini alikuwa akiuliza hiki chaitwaje na kile chaitwaje, nahodha akamwomba kwa Denzo aende naye. Denzo akakubali. Mabaharia walishampa jina lao, John Mung.

Mei 1843 wakafika New Bedford, jimbo la Massachusetts, na ng'ambo ya mto ni Fairhaven, mji wa nahodha. Hapa nitoke nje ya kisa kidogo. Nyinyi mwaijua ile nguo ya merikani, waliyokuwa wakijifunga bibi zetu na wakizikiwa babu zetu. Jina lile limetokana na nchi ilikotoka, na nyingi yake ilifumwa jimbo hilo hilo la Massachusetts, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Sayyid Said alifanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo akafika Unguja mwaka 1837. Kwa hivyo Manjiro alipokuwa akitembea kwenye bandari zile, watu wa huko tayari walikuwa wakizungumzia karafuu, pembe na sandarusi za kwetu. Dunia haikuwa kubwa kama tunavyodhani.

Haya, tuendelee. Nahodha Whitfield alimweka kijana yule nyumbani kwake, akamtia shule. Miaka 16, Kiingereza cha melini, akakaa na watoto wadogo kuanza herufi. Hakuona haya. Baadaye akaingia chuo kilichofundisha hesabu, upimaji wa ardhi na elimu ya kuongoza vyombo baharini, akafanya vizuri. Akajifunza pia kutengeneza mapipa, kwa sababu mafuta ya nyangumi yalihifadhiwa kwenye mapipa na fundi wa mapipa hakosi kazi.

Na kuna jambo moja la Whitfield ambalo mimi hunigusa kuliko hata kule kumwokoa. Alimpeleka Manjiro kanisani kwake, akaambiwa mtoto huyu hawezi kukaa na familia yako, akae kwenye viti vya watu weusi. Nahodha hakubishana sana. Akatoka na familia yake, akajaribu kanisa jingine, nalo likakataa, mpaka akapata la tatu lililomkubali kijana akae pamoja nao. Mtu mwenye heshima zake mjini, nahodha, akaacha wenzake aliozoeana nao kwa ajili ya yatima wa kigeni. Sisi hapa, wazazi wangu, yatima mgeni akija na bwana mmoja msikitini, twamweka safu gani? Jibuni wenyewe.

Mwaka 1846 Manjiro akaenda tena baharini katika meli ya Franklin, zaidi ya miaka mitatu. Njiani nahodha wa meli akarukwa na akili, wakamshusha Manila, na mabaharia wakapiga kura kupanga vyeo upya. Manjiro, Mjapani peke yake melini, akachaguliwa kuwa miongoni mwa maofisa. Aliporudi 1849 akasikia habari za dhahabu California. Akaenda, akachimba miezi michache mwaka 1850, akapata kama dola 600. Wenzake wengi walizimaliza pesa kama hizo kwenye kamari na ulevi. Yeye akakata tiketi ya Honolulu.

Alikuwa anamtaka mama yake. Miaka kumi hajui kama yu hai. Huko Honolulu Jusuke alikuwa amekwisha kufariki, na Toraemon akasema yeye habanduki, hataki kukatwa kichwa. Denzo na Goemon wakakubali. Manjiro akanunua mashua, akaiita Adventurer, wakaipakia kwenye meli iliyokuwa ikienda China, na Februari 1851 wakashushwa karibu na Okinawa, wakapiga makasia mpaka pwani.

Wakashikwa. Mwaka mmoja na nusu wakawa mikononi mwa maofisa, kwanza Okinawa, kisha Kagoshima, kisha Nagasaki, wanaulizwa yale yale. Umekula nini? Umeabudu nini? Huko Nagasaki waliamrishwa kukanyaga sanamu ya Kikristo, kama ilivyokuwa kawaida ya kumpima kila anayerudi. Nao wakaulizwa Marekani kuna nini. Manjiro akaeleza garimoshi, akaeleza kwamba mtawala wao huchaguliwa na si lazima awe mtoto wa mtawala, na akaeleza pia kwamba Wamarekani huingia chooni na kitabu, wakakaa kusoma. Hilo nadhani liliwashangaza kuliko garimoshi! Bwana mmoja wa Tosa, Kawada Shoryo, aliyaandika yote na kuyachorea picha, kwani Manjiro mwenyewe Kijapani kilikuwa kimemtoka nusu.

Oktoba 1852, miaka kumi na mmoja na miezi kadhaa tangu atoke, akaingia kijijini kwao. Mama yake, bibi Shio, yu hai. Alikaa naye siku tatu tu, serikali ikamwita kufundisha. Denzo na Goemon walirudi kwao wakakatazwa kwenda tena baharini.

Mwaka uliofuata, Julai 1853, meli za kivita za Marekani chini ya Kamanda Perry zikatia nanga karibu na Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, zikidai nchi ifunguliwe. Nchi nzima ikatetemeka, na anayeijua lugha ya hawa watu ni nani? Mtoto wa mvuvi. Wakamwita Edo, wakampa cheo cha samurai na ruhusa ya kuvaa panga mbili na kuwa na jina la ukoo, Nakahama. Lakini kwenye mazungumzo yenyewe na Perry hawakumtuma. Walisema huyu Wamarekani wamemlea, ana deni la shukrani kwao, huenda akawapendelea. Kule Fairhaven alikatazwa kiti kwa sababu ya sura yake. Kwao akakatazwa kwa sababu ya elimu yake. Vijana mnaosoma nje, jitayarisheni na hilo, maana mtarudi na mtatazamwa hivyo hivyo. Na nyinyi mliobaki, punguzeni kumwambia kila anayerudi kwamba amebadilika.

Hakususa. Akatafsiri kitabu kikubwa cha Bowditch cha kuongoza meli, akaandika kitabu cha kujifunza Kiingereza, akasomesha. Mwaka 1860 meli ya Kijapani, Kanrin Maru, ilivuka bahari mpaka San Francisco kwa siku 37. Dhoruba iliwapiga, wengi wa Wajapani wakalala na kichefuchefu, na Manjiro akawa juu sitahani pamoja na ofisa wa Kimarekani Brooke, wakiishika meli. Akarudi nyumbani na cherehani na kamera.

Mwaka 1870 serikali ilimtuma Ulaya, na njiani akapita New York. Akaomba ruhusa, akapanda treni mpaka Fairhaven, akabisha mlango wa Nahodha Whitfield. Walikuwa hawajaonana miaka 21. Alilala usiku mmoja tu, akaondoka. Mwaka uliofuata akapata kiharusi, akaishi kimya mpaka alipofariki mwaka 1898. Whitfield alikuwa ametangulia mwaka 1886.

Watoto wao hawakuachana. Mwaka 1918 mtoto wa Manjiro, aliyekuwa daktari, aliupelekea mji wa Fairhaven zawadi ya upanga wa kisamurai. Na nyumba ya nahodha ilipokuwa imechakaa, Wajapani walichanga pesa ikanunuliwa na kutengenezwa, ikafunguliwa kwa wageni Mei 2009, siku ile ile ya tarehe 7 aliyoteremka yule mtoto bandarini.

Wale wa nyuma sasa mwaweza kutoka. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.