Tela letu: maneno ya shofere wetu katika mkutano wa wanachama, Baraka

 

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya tela. Wale ambao hawakupita Nyarugusu wanaliita remoroki, ni kitu kile kile. Ameniomba pia nieleze kwa nini mwezi huu nimekataa mizigo ya watu mara mbili. Nasikia kuna wanaosema shofere amekuwa na kiburi. Basi munisikilize.

Tela letu halina freni zake. Nikikanyaga freni, pikapu ndiyo inajizuia, tela linaendelea kuisukuma kwa nyuma. Kwa tela la namna hiyo, pikapu nyingi zimeandikiwa na watengenezaji kilo 750, na hapo chuma cha tela kimehesabiwa ndani. Letu likiwa tupu ni karibu kilo 250. Inabaki 500. Mfuko wa simenti ni kilo 50, kwa hiyo mifuko kumi, basi. Siku ile muliniletea mifuko 22 na mbao juu yake.

Sasa, kupakia. Wengi wenu munajua yaliyotupata mwaka jana tukishuka kutoka Fizi-centre. Mihogo yote iliwekwa nyuma ya tela, sababu mbele kulikuwa baiskeli ambazo hakuna aliyetaka kuzisogeza. Nyuma ikiwa nzito, mkono wa tela unainua ndoano, na magurudumu ya nyuma ya pikapu hayashiki tena barabara vizuri. Kwenye mteremko tela likaanza kuyumba, kushoto, kuume, kama mbuzi anayekataa kamba. Mimi nikaogopa, nikakanyaga freni kwa nguvu. Hilo ni kosa langu, silifichi. Tela likasukuma pikapu ikakaa kingamo, tukaingia mufereji. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya magunia. Alivunjika mguu. Yuko hapa leo na fimbo yake, na ameniruhusu niseme.

Ingefaa nifanye hivi: kuachia mafuta polepole, kushika usukani umenyooka bila kupigana nao, na kungoja tela litulie lenyewe. Lakini dawa yenyewe iko kwenye kupakia. Mzigo mzito uwe chini, na sehemu sita katika kumi ziwe mbele ya ekseli. Mkono wa tela ulalie ndoano kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wote, ao zaidi kidogo. Kwa kilo 750 ni kama kilo 75. Tuko na mzani wa depo, tunauweka chini ya mkono, tunasoma. Musizidishe huko mbele pia, sababu pua ya pikapu inainuka na usukani unakuwa mwepesi.

Mteremko ninauanza nikiwa tayari katika vitesi ya pili. Ukitegemea freni peke yake zinapata moto, halafu zinachoka, na pedali inaenda chini bila kitu. Minyororo miwili inapita chini ya mkono kwa kupishana, ili ndoano ikitoka mkono uangukie minyororo, usichimbe barabara. Kila nikisimama nasogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha gurudumu. Moja likiwa na moto kuliko lingine, beringi inaumwa, hatuendi.

Juu ya tela hapandi mtu. Hata kiongozi, hata mtoto, hata mwenye mzigo anayeogopa wizi. Mwenye mzigo aandikishe magunia yake kwa katibu.

Najua mazutu inatoka katika michango yenu, na safari mbili zinakula zaidi kuliko moja. Ndiyo maana kamati inaomba wafadhili watusaidie tupate tela lenye freni zake. Mpaka lifike, ni mifuko kumi. Mwenye mifuko sita atafute mwenye minne, waende pamoja.

Jumamosi tunapeleka mabati. Kupakia ni saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa pale. Kitakachopakiwa mimi nisipokuwepo, nitakishusha.